Uzi wa Kijani Kiatuni

Kila asubuhi Bobini aliamshwa na mlio wa cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu hakujua kutulia, alizunguka kutwa nzima kama bobini ya cherehani, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Alizoea kupiga mswaki, kufagia vipande vya vitambaa, kisha kunywa chai huku mama akishona sare za shule. Lakini asubuhi ile cherehani haikulia. Bobini alijua kwa nini.

Jana yake, mama alipokwenda sokoni, Bobini alikuwa amejaribu kushona kwa cherehani ile mkanda wa kiatu chake uliokatika. Ngozi nene vile, kwa sindano nyembamba ya kitambaa! Sindano ilivunjika, ncha ikadumbukia ndani, gurudumu likakwama. Badala ya kuacha, alilizungusha kwa nguvu zake zote mpaka kitu kikalia "ka!" humo chini. Akafuta meza, akapachika sindano mpya, akawa kimya kama maji mtungini.

"Yule mzee ameniibia!" mama alifoka, akilivuta gurudumu lililokwama. Cherehani ilikuwa imerudi juzi tu kutoka kufanyiwa sevisi dukani kwa Mzee Spea, wakala wa cherehani za ng'ambo. Mjini walikuwepo mafundi wenye mchezo mchafu: wakifungua cherehani ya mtu, hunyofoa chuma halisi cha kiwandani na kupachika cha bandia. Mzee Spea hakuwahi kushikwa na mchezo huo, lakini mama hakutaka kusikia.

"Dada, niachie mimi," alisema mjomba wa Bobini. Watu walimwita Petroli, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alikibeba kichwa cha cherehani begani, akatoka mbio. Mama alimfuata, na Bobini nyuma yao, akichechemea kwa kiatu chenye mkanda ulioshonwa nusu.

Mzee Spea alikuwa akipangusa vumbi dukani. "Karibu mama. Kuna nini tena?"

"Kuna wewe!" Petroli alijibu, akakibwaga kile chuma juu ya kaunta. Kioo kikapasuka. "Chuma cha ng'ambo umekipeleka wapi?"

"Kijana, tulia. Niifungue kwanza tuone..."

Kofi lilimkatiza. La pili lilimwangusha chini, makopo ya sindano yakamwagika juu yake. Alipojaribu kujiinua, Petroli alimkanyaga mkono kwa kiatu chake kizito. Bobini akasikia mlio ule ule wa jana: ka! Mzee alipiga yowe.

"Mwizi wa spea!" mtu alipaza sauti barabarani, na hapo mambo yakaharibika kabisa. Watu ambao maishani mwao hawajashona hata kifungo walijazana na ngumi zao. Walimburuta mzee kwa ukosi hadi nje. Mmoja alimpiga teke la tumbo. Jiwe lilimpasua juu ya jicho, damu ikamfunika uso.

"Inatosha! Jamani, mtamuua!" mama alilia sasa, lakini nani amsikilize? Kijana mmoja alikuwa ameshaokota mguu wa chuma wa cherehani kuukuu na kuuinua juu.

Bobini aliangalia kiatu chake. Akisema, watamgeukia yeye. Akinyamaza, mzee atakufa mbele ya macho yake. Alijipenyeza katikati ya miguu ya watu, akamlalia mzee kifuani. Teke lililokusudiwa kwa mzee likampata yeye mbavuni, pumzi ikamkatika. Alivua kiatu, akakiinua.

"Ni mimi! Ni mimi niliyeiharibu! Tazameni, uzi wa kijani! Nilishona kiatu kwa cherehani ya mama!"

Yule kijana alisita, chuma kikiwa hewani. Mama alikipokea kiatu, akautazama mshono. Uzi ule aliujua, ndio aliokuwa akishonea sare. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama chini. Wale wengine ghafla wakakumbuka kuwa wana kazi zao, wakatawanyika mmoja mmoja. Petroli alimbeba mzee mgongoni hadi hospitali, akilia njia nzima kama mtoto.

Mzee alipopata nafuu, mama na Petroli walimwomba radhi. Petroli aliweka kioo kipya na kuanza kumbebea mizigo ya dukani. Lakini cherehani bado ilikuwa imekufa. Kiwanda cha ng'ambo kiliacha zamani kutengeneza aina ile, na vyuma vya siku hizi havikuingia. Mzee alikumbuka kuwa ana cherehani mbovu ya aina hiyo stoo, yenye chuma kilichotakiwa.

"Ila mimi sina mkono," alisema, akionyesha bandeji. "Bobini, leta yako."

Akakaa kwenye kiti, jicho moja limevimba, akielekeza. Bobini alifungua skrubu, akatoa ile ncha ya sindano, akaondoa chuma kilichovunjika na kupachika kile cha stoo, akatia mafuta. Kichwa kikarudishwa mezani, mama akakanyaga pedali. Cherehani ikalia vizuri.

Bobini hakutabasamu. "Babu, vidole vyako vitapona?"

"Viwili, ndiyo. Hiki kidogo daktari anasema hakitakunjika tena."

Bobini aliangua kilio. Mzee alimvuta karibu, kisha akawageukia wakubwa. "Ninyi mngeuliza kwanza, mngenipiga baadaye kama mngeona sababu."

"Na wewe, mjukuu wangu, sikiliza. Cherehani ikivunjika nitakutafutia spea, hata ikibidi kungoja meli kutoka ng'ambo. Kidole changu hakiagizwi popote. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, wakati kilichovunjika bado ni chuma tu."