Hodi Kutoka Kikashani

Kavata alikuwa jikoni, saa nne asubuhi, aliposikia hodi. "Karibu!" akaitika bila kugeuka, kama sote tunavyoitika. Alipofika sebuleni akakuta mlango ungali na komeo. Kwenye kabati, kile kikasha cha majani ya chai kilikuwa wazi, na nyumba nzima ilinukia udi.

Jamani, kikasha chenyewe ndicho kilichomringisha mtaani Buruburu! Mumewe, Kilonzo, alikichonga kwa mtindo wa wakoloni, wa enzi zile memsahibu alipoifungia chai kwa ufunguo ili mpishi asiidokoe. Akakipaka masizi na chai ya rangi kikaonekana kizee. Ila mbao na kufuli alivitoa kwenye sanduku kuukuu alilonunua sokoni Muthurwa, wala hakuuliza lilikuwa limefungiwa nini.

Tangu siku hiyo, chai ikimiminwa, kikombe kilikutwa kikavu kingali na moto. Na Ndindi, binti yao wa mwaka na nusu ambaye hajatamka hata "mama", akawa anakichekea kiti kitupu. Hapo Kavata akaogopa hasa. Akamwita jirani, Bi Muhiba wa Lamu.

Bi Muhiba alinusa tu. "Mwanangu, mbao hizi zilikuwa kifungo cha jini. Nawe umemkaribisha kwa kinywa chako."

"Sikujua, Bi Muhiba! Atamdhuru mtoto?"

"Nitamtoa. Lakini atarudi kubisha, mpaka magharibi ya siku ya saba. Mtu wa nyumba hii asimwitike. Atakayemwitika, ndiye jini atakayemwingia."

Akasoma, akafukiza, akakifunga kikasha, akaenda kukizika.

Siku sita hodi ilipigwa, Kavata kimya. Hata wifi yake Jecinta, aliyebisha kweli mwenyewe, aliachwa nje akaondoka akitukana.

Siku ya saba, alasiri, watoto wakicheza mpira nje, hodi ikaja kwa sauti ya Kilonzo, kisha ya marehemu mama yake Kavata, akilalama kwamba amechoka, miguu inamuuma, anaomba kikombe cha chai tu, na Kavata, machozi yakimtiririka, akajiziba mdomo kwa leso, akiutazama ukuta ambapo jua lilikuwa limebaki kipande kidogo tu, mpaka ile sauti ikafifia.

"Hodi," ikanong'ona kwa mara ya mwisho.

Mkekani, Ndindi akainua uso, akatabasamu. Akatamka neno lake la kwanza, wazi kabisa:

"Karibu."