Shuka la Ijumaa Kuu

Jua lilikuwa likizama Zélie aliporudi kando ya mto Seine kuchukua kibao chake cha kupigia nguo. Alikuwa amekisahau.

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Wafuaji wote wa pale wanajua: afuaye shuka siku hiyo hufua sanda ya mtu wa nyumbani kwake. Lakini tajiri yake alitaka mashuka kabla ya Pasaka, na mwenye nguvu mpishe. Zélie akafua, peke yake, huku mumewe Anselme yumo mtoni na jahazi la makaa.

Kibao hakikuwapo.

Mchoraji aliyeshinda ukingoni akichora mto alikuwa bado anafuta brashi zake. "Njoo ujione, mama."

Pichani, moshi, majahazi, wapakua makaa: vyote madoa tu, kama tope lililoruka. Zélie alijitambua kwa aproni yake ya buluu. Alikuwa akikamua shuka. Ncha ya pili ilishikwa na mwanamke mwenye nguo nyeupe.

"Huyu nani?"

"Si mwenzako? Mmekamua pamoja mchana kutwa. Ila hageuki, sijamwona uso."

Mchana Zélie alikuwa ameifunga ncha ile kwenye mti.

"Mfute, bwana," alinong'ona. "Mume wangu yuko majini."

"Nikimfuta huyo, sina picha."

"Na hili doa jekundu kwenye pindo?"

"Niliona nyekundu, nikaweka nyekundu."

Alama ya tajiri kwenye mashuka yake ilikuwa ya uzi wa buluu. Nyekundu ilikuwa ya Zélie, aliyoishona mwenyewe kwenye shuka lake la harusi. Shuka hilo lilikuwa sandukuni, nyumbani.

Pah... pah... pah...

Kibao chake. Kule gizani, majini.

"Umesikia?" mchoraji akacheka. "Mwenzako hachoki." Akakunja vifaa vyake akaenda zake. Nani aharibu picha kwa ajili ya dobi?

Zélie alikimbia nyumbani. Sanduku lilikuwa limefungwa. Alilifungua. Ndani palinuka matope ya mto, na shuka halikuwamo.

Alfajiri wanamaji wakamleta Anselme juu ya ubao. Alikuwa ameteleza usiku, akazama, karibu kabisa na kufika. Walikuwa wamemfunika shuka jeupe, bichi, lenye alama nyekundu pindoni.

"Mmelitoa wapi?"

"Katupa mwenzako, shemeji, pale mnapofulia," alijibu mmoja, akitazama chini. "Kasema ulimsaidia kulikamua."