Kabati Chini ya Kiyoyozi

Asubuhi hiyo kituo cha metro cha Rashidiya, Dubai, kilifurika, na Thuwein, amekumbatia sanduku lake la vifaa, akajikuta ndani ya behewa la wanawake, akinung'unika kwa Kiswahili.

"Kaka, hapa ni pa wanawake," sauti ndogo ikamwambia.

Aligeuka. Msichana mweusi wa kung'aa, sare ya samawati, mtandio mweupe uliopigwa pasi ukanyooka, macho chini.

"Astaghfirullah! Dada, umeniona nazama ukangoja maji yanifike shingoni?"

Msichana, jina lake Zulaika, akacheka kwenye kiganja. Thuwein akaruka nje, akawahi behewa la pili kabla milango haijafungwa.

Saa moja baadaye walikutana tena Al Barsha, kwenye maabara ambako Zulaika alikuwa msafishaji. Thuwein alikuwa amekuja kufunga kabati jipya la usalama, dude la chuma lenye kioo mbele, ambamo wapimaji hufanyia kazi sampuli za kifua kikuu.

"Linamlinda mtu kwa upepo," alimweleza, amesogea karibu kuliko ilivyohitajika. "Hewa inavutwa ndani hapa mbele, inakuwa kama pazia. Mlango ukibamizwa karibu, au kiyoyozi kikipuliza, pazia linapasuka. Vijidudu vinamrudia mtu usoni."

"Mbona umeliweka mlangoni, tena chini ya kiyoyozi?"

"Eh! Kumbe fundi ni wewe! Nitalihamishia ukuta wa ndani, inshallah. Arbab, bosi wangu, anataka leo liwake tu."

Hakulihamisha. Zulaika hakuuliza tena, kwa sababu simu za Thuwein zilianza.

"Umekula, habibti?"

"Nimekula wali."

"Na mimi hukuniwaza hata kwenye tonge moja?"

"Tonge la mwisho."

"La mwisho! Wallahi, watu wa Mbale mna roho ngumu."

Ijumaa walizunguka maduka ya vitambaa ya Bur Dubai. Thuwein alimtandazia hariri ya kijani begani, akarudi nyuma hatua mbili amtazame, na Zulaika, ambaye kwa haya hata jina lake mwenyewe hulitaja kwa kunong'ona, akajiona mrembo. Miezi miwili ikapita hivyo.

Ndipo mkaguzi wa usalama akaja. Aliwasha moshi wa majaribio mbele ya kabati, na moshi, badala ya kuvutwa ndani, ukamwagika nje. Kazi ikasimamishwa.

Kesho yake Zulaika aliitwa ofisini. Madam Reem, mkuu wa maabara, alikijua Kiswahili kutoka kwa bibi yake wa Unguja. Alimsomea barua polepole.

"Fundi Thuwein anasema kabati aliliweka ukuta wa ndani, mbali na mlango. Anasema wewe ulilisogeza ukifagia. Ikiwa kweli, khalas, kazi imekwisha, utarudi Uganda."

Hakuwahi kupaza sauti mahali pale.

"Madam," alisema, "naomba mwanamume mmoja tu alisukume."

Wakaenda maabara, akaitwa Sowedi, mlinzi mwenye mabega ya bondia. Alisukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kabati halikutikisika hata unywele.

"Madam, hili tulilileta watu wanne na toroli," Sowedi alihema. "Huyu alisukume na fagio?"

Madam Reem akaikunja barua. "Rudi kazini, Zulaika. Nitampigia arbab wake."

Saa ya chakula simu ikalia.

"Niko hapa chini. Shuka, nakuomba."

Alimkuta na kanzu nyeupe, ananukia udi, macho mekundu.

"Wameshaniita ofisini. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, Zulaika. Nilitaka nikuoe nikiwa na kazi. Mama keshakubali, Ijumaa nikupeleke nyumbani akuone."

"Ungenioa vipi nikiwa Mbale?"

Thuwein akautafuta mkono wake, Zulaika akaurudisha nyuma.

"Kila mtu anaogopa," Zulaika akasema. "Lakini wewe ulipoogopa, jina la kwanza kukujia lilikuwa langu."

"Kwa sababu ndilo ninalolitaja kutwa, mpenzi wangu."

Midomo ya Zulaika ilitaka kutabasamu. Aliiuma.

"Basi jifunze jingine."

Akampa mgongo. Lifti ilikuwa imejaa watu wanaorudi kazini. Akageukia ukuta, wasimwone analia.