Chale Ambazo Bibi Hakuchanjwa

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Ida alifuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini, akakaza skrubu za miguu yake mitatu, kisha akahesabu vipande vya filamu vilivyobaki. Alikuwa na miaka kumi na minne, na likizo hiyo yote aliitumia kujifunza kazi ya mjomba wake, Cuthbert, mpiga picha wa Masasi. Nyumbani kwao Mkomaindo watu walimtania. "Msichana na kamera! Nani atakaa mbele yake?" Mjomba Cuthbert hakucheka nao. Alisema tu kwamba kamera haiulizi aliyeishika ni nani, inauliza kama anaijua kazi.

Wiki hiyo walikuwa Chilangala, juu kwenye uwanda wa Newala. Korosho zilikuwa zimeuzwa, watu walikuwa na furaha na nguo mpya, na huo ndio msimu wa mpiga picha. Waliomba malazi kwa Bibi Kibibi, mjane mcheshi aliyewapa chumba cha uani. Mjomba aliziba dirisha lake kwa blanketi mbili kikawa chumba chake cha giza.

Ida alipenda sana chumba kile. Alipenda kuona uso wa mtu ukijitokeza polepole juu ya karatasi nyeupe iliyolala ndani ya dawa. Mjomba alikuwa amemfundisha hatua zote, naye alizikariri kama sala ya Baba Yetu. Dawa ya kwanza inaitoa picha. Dawa ya pili inaikaza. Mwisho ni maji, na maji lazima yawe safi.

Hapo kwenye maji ndipo palipokuwa na kazi. Chilangala hapakuwa na kisima wala mto. Wanawake waliondoka alfajiri, wakashuka mteremko mkali hadi kwenye chemchemi ya bondeni, wakapanda tena na madebe kichwani jua likiwa limeshachoma. Mtu wa huko angeweza kukupa kuku kwa moyo mweupe, lakini kata ya maji alikupa huku akiitazama.

Jumatano, Bibi Kibibi mwenyewe alikuja kupigwa picha. Alikuwa amevaa kaniki mpya na ndonya mpya, kile kisahani cheusi cha mti ambacho wanawake wa umri wake walikivaa kwenye mdomo wa juu. Alikuwa amekipaka mafuta ya nyonyo mpaka kinang'aa.

"Mwanangu Alfani yuko Tanga, kwenye mashamba ya mkonge," alimwambia Ida. "Huu mwaka wa kumi na moja. Mpwa wangu Nikolao anakwenda huko Ijumaa kwa lori la korosho. Nataka ampelekee uso wangu. Aliniacha nina nguvu, asije akanisahau."

"Hatakusahau, bibi," Ida alisema. Mjomba akaingiza kipande cha mwisho cha filamu, akajifunika kitambaa cheusi, akapiga.

Alhamisi asubuhi mjomba alitia filamu ile katika dawa zote mbili, lakini alipotoka chumbani alikuwa anatetemeka. Homa ilikuwa imemshika. Akameza kwinini, akajilaza kitandani, akamwita Ida.

"Leo utamaliza wewe," alisema. "Ioshe filamu vizuri, ianike, kisha uichape kwenye karatasi. Maji yawe ya bondeni. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Ida alifurahi hata akasahau kumpa pole. Kazi yake ya kwanza peke yake! Lakini alipofungua debe, akakuta maji yamebaki ya kunawa mikono tu. Akina mama walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi. Jua lilikuwa kali, na mteremko ule, kuutazama tu kulimchosha.

Nyuma ya shamba la mihogo palikuwa na dimbwi la mvua ambapo mbuzi walikunywa. Ida aliteka maji pale, akayachuja kwa kanga mara mbili. Yalionekana safi. Njia ya mkato huwa na sura nzuri mwanzoni. Akaosha filamu, akaianika kwenye kamba, akaenda kuokota korosho za mwisho huku akiimba.

Filamu ilipokauka, aliona punje ndogo za mchanga zimeng'ang'ania, hasa kwenye kidevu cha bibi. Akapuliza. Hazikutoka. Akaichapa hivyohivyo, na kwenye karatasi punje zile zikawa vidoti vyeupe, vimejipanga kidevuni utadhani vimepangwa na mtu. Kisha akakumbuka kwamba uso wa Bibi Kibibi ulikuwa na chale tangu ujana wake, mashavuni na kwenye paji la uso.

"Chale zote hizo," alijifariji, "nani atajua zipi ni zake na zipi ni za dimbwi?"

Akamwonyesha mjomba picha pale kitandani, kwenye giza. Mjomba, macho mekundu kwa homa, alisema, "Vizuri. Mpelekee mwenyewe."

Bibi Kibibi aliipokea picha kwa mikono miwili, na majirani wakamzunguka. Veridiana, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wote pale kijijini, alipiga vigelegele. Lakini bibi hakucheka. Alijipapasa paji la uso kwa kidole, akaitazama picha. Akajipapasa mashavu, akaitazama tena. Alipofika kwenye kidevu, kidole kikasimama.

"Mjukuu wangu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi kidevuni sikuchanjwa. Aliyenichanja ni shangazi yangu mwenyewe. Alisema kidevu hiki kizuri, kiachwe kama kilivyo." Veridiana aliangua kicheko, na wengine wakamfuata, ila sauti ya bibi ilikuwa imeanza kutetemeka. "Msicheke. Alfani alijifunzia kuhesabu kwenye uso huu nikiwa nimempakata. Akiona hii atasema mama yake amekufa, naye ametumiwa kikongwe wa watu wengine."

Vicheko vikakoma. Mjomba Cuthbert, aliyesikia kelele, akatoka amejifunga blanketi. Akaichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika.

"Mama Alfani, nisamehe," alisema. "Filamu hii ilikuwa ya mwisho, nadhani joto limeiharibu. Kosa ni langu, si la mtoto. Na filamu nyingine sina mpaka nirudi Masasi."

"Kumbe fundi wa Masasi naye hivi!" Veridiana alisema. "Basi arusi ya mwanangu usije. Sitaki bibi arusi aote chale kwenye picha."

Mjomba aliinamisha kichwa. Ida hakuwahi kumwona hivyo. Miaka kumi na mitano mjomba alizunguka kutoka Chiwata hadi Newala, na kila nyumba ilimfungulia mlango kwa sababu ya jina lake zuri. Sasa jina hilo lilikuwa linachafuka. Aibu ilimjaa Ida. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemshuku, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Si joto!" alisema kwa nguvu, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Niliosha filamu kwa maji ya dimbwini. Niliona mchanga, nikanyamaza. Shikamoo bibi, nisamehe. Mjomba hakujua lolote."

Bibi Kibibi hakuitika ile shikamoo, na Ida akalia zaidi.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mjomba," Ida alisema kwa kwikwi.

"Ni kweli," mjomba alijibu. "Lakini bondeni yamo mengine. Filamu ikilowekwa hulainika, na mchanga unaweza kulegea. Inaweza kupona, inaweza isipone. Lori linaondoka kesho alasiri. Alfajiri utashuka na akina mama."

Alfajiri ilipofika, Ida alikuwa wa kwanza njiani. Veridiana alimfundisha kuzungusha kata ya kitambaa ili debe likae vizuri kichwani. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda, loo! Maji yalimchuruzika mgongoni, na mara mbili alitaka kulitua debe na kukaa chini.

"Twende, mpiga picha!" Veridiana alimtania. "Sisi huja huku kila siku, na hakuna anayetupiga picha."

Alipofika, mjomba alikuwa ameketi mlangoni, homa imepungua. Ida aliloweka filamu. Akabadilisha maji mara moja, mara mbili, mara tano. Kisha akachukua pamba iliyolowa, akaipitisha juu ya kidevu taratibu, bila kukandamiza, huku amezuia pumzi. Punje moja ikatoka. Nyingine ikafuata. Mjomba hakugusa kitu. Jua lilipofika utosini filamu ilikuwa imekauka, nayo ni safi, na picha mpya ikachapwa.

Nikolao alikuwa tayari amebeba kifurushi chake Bibi Kibibi alipoketi na picha mapajani. Alijipapasa paji la uso. Akajipapasa mashavu. Kidevuni alipapasa polepole mpaka Ida akakaribia kupiga kelele.

"Huyu ni mimi," bibi alisema, na ndonya ikacheza mdomoni kwa kicheko. Akaifunga picha ndani ya kitambaa, akampa Nikolao, akamgeukia Ida. "Na ile shikamoo yako ya jana, marahaba, mjukuu wangu."

Lori lilipopotea kwenye vumbi, mjomba alimketisha Ida karibu naye.

"Njia ya mwongo ni fupi, watu husema," alianza. "Lakini ya mpiga picha ni ndefu. Mtu akidanganya kwa maneno, kesho yamesahauliwa. Wewe ukidanganya kwa picha, uongo wako unatundikwa ukutani, watoto wanauona, na wajukuu wanauamini. Kwa hiyo, tusiruke hatua hata moja, hata kama mteremko ni mrefu. Na tukikosea, tuseme mapema, wakati filamu bado inaweza kuoshwa."

"Kwa nini ulisema kosa ni lako, mjomba?"

"Kwa sababu kazi ilitoka mikononi mwangu. Nilipaswa kuitazama kwenye mwanga, sikuitazama. Mimi nina langu, wewe una lako."

Veridiana alipita akiwa na jembe begani. Akasimama, akajifanya anatazama mawingu.

"Arusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Fundi akipata filamu, aje. Ila maji atachota huyu msichana. Nimeshamwona anavyobeba."