Upanga Ulioshonwa Alani

"Marehemu amefufuka lini? Mbona mitawanda yake ya mbao naisikia ikigonga kichochoroni?"

Ndivyo alivyouliza Bi Zamu dirishani mwake, zama zile mji wa Kiwandeo ungali na ukuta na mfalme wake. Jirani yake, Mwana Tumu, akamjibu, "Hajafufuka, shoga. Ni Shomvi, anatunza mali ya yatima. Anaitunza mwilini mwake."

Yatima mwenyewe ni Mwana Siti, mtoto wa miaka tisa. Baba yake, amiri wa jeshi, Mungu amrehemu, aliuawa langoni mji ulipozingirwa. Shomvi, binamu wa marehemu, akawekwa wasii, msimamizi wa mtoto na mali yake. Sasa kanuia kuiuza nyumba na kumpeleka mtoto bara kwa watu asiowajua. Mwana Tumu, shangazi wa mtoto, akajifunga buibui akenda kwa kadhi.

Siku ya shauri Shomvi aliingia na kilemba cha marehemu, joho la marehemu, na upanga wa marehemu kiunoni.

"Ya Sheikh," akasema, "kwa upanga huu niliua maadui saba. Mlezi gani kunishinda?"

"Walikuwa panya," akasema Bi Zamu kutoka nyuma. "Ghalani alikojificha."

Sasa, desturi ya Kiwandeo, upanga wa marehemu hushonwa alani siku ya mazishi kwa uzi mwekundu, usichomolewe hadi mrithi abaleghe. Kadhi akainama, akautazama mpini.

"Uzi huu ulikatwa lini?"

"Haujakatwa, Sheikh. Mimi mtu mwaminifu."

"Basi hao saba uliwauaje?"

Shomvi akaupapasa upanga. "Kwa ala."

Askari wa mlangoni akageukia ukuta, mabega yakimcheza. Kadhi hakucheka. Alaye mali ya yatima anakula moto, naye alilijua hilo.

"Mwanangu," akamwambia Siti, aliyekaa ubavuni mwa shangazi yake, "vya baba yako viko wapi?"

Mtoto akanyoosha kidole. "Kilemba kile." Kikavuliwa. "Na joho." Likavuliwa. Upanga ukawekwa mapajani mwa mtoto, uzi wake mzima. "Na mitawanda ile mlangoni."

Shomvi akabaki na kikoi, kakishika kwa mikono miwili.

"Na hicho?" akauliza kadhi.

Siti akamtazama shangazi yake. "Nacho cha baba. Lakini mwachieni afike kwake. Atakirudisha kimefuliwa."

Kadhi akachovya kalamu: Shomvi kavuliwa na uwasii pia, mlezi ni Mwana Tumu, nyumba haiuzwi.

Shomvi akakikaza kikoi, akairuka mitawanda, akatoka pekupeku.