Gurudumu la Kushoto

Emrys Pugh alisikia kelele za watu kabla ya kuliona tairi. Lilikuwa likishuka mtaa wa soko peke yake, saa ambayo nusu ya Sheffield hutoka kazini, na kwa kuwa mji ule umejengwa juu ya vilima, lilikuwa limeshapata mwendo. Lilipita katikati ya wanafunzi wawili, likaruka ukingo wa njia, likamkosakosa mbwa wa bibi mmoja, kisha likamwelekea Emrys kana kwamba walikuwa na miadi.

"Wewe kaka! Wewe mwenye koti jeupe! Lizuie!"

Mkono mmoja ulikuwa na kahawa, wa pili pai ya nyama. Alilizuia kwa magoti. Pai ilisalimika. Kahawa yote ilihamia kwenye koti.

Msichana aliyekuja akilikimbiza alivaa sare ya bluu ya madereva wa tramu, skafu ya manjano shingoni, na viatu vya mpira vyenye tope lililokauka. Manyunyu yalikuwa yametulia juu ya nywele zake fupi kama chembe za sukari.

"Umeumia?"

"Mimi mzima. Koti ndilo hoi."

"Basi lipe pole zangu." Aliliegemea tairi, akihema na kucheka kwa pamoja. "Naitwa Hester Wragg. Huyu mkorofi hana jina."

"Tairi gani hili lenye meno hivi? La trekta?"

"La gari dogo. La kupandia vilima vya matope, Jumapili. Wiki nzima naendesha tramu, kaka yangu, chombo cha reli kisicho na usukani. Jumapili lazima nizungushe kitu, la sivyo nitaugua."

Walikwenda kunywa chai ndani ya soko, tairi likiwa limekaa kati yao kama mgeni wa tatu. "Maziwa, mpenzi?" muuza chai alimuuliza Emrys. "Na wewe, mpenzi, sukari?" Emrys alikuwa amehamia kutoka Wales miezi michache nyuma, na bado kila akiitwa hivyo aligeuka kutazama ni nani aliyempenda. Hester alimwona.

"Usijipe moyo. Huku hata polisi akikukamata anakuita mpenzi."

"Sasa mtu akipenda kweli husemaje?"

"Hasemi. Anakualika akupake tope."

Jumapili iliyofuata akamwalika.

Gari lake aliliita Birika, kwa sababu lilichemka na kutoa mvuke kila lilipokasirika. Lilikuwa limewazidi umri wote wawili, injini yake ikiwa nyuma, rangi yake ya bluu imepauka kama kitambaa kilichofuliwa sana. Kwenye mashindano yale hakuna anayeshindana mbio. Unapanda mwinuko wa tope na mawe, na sharti ni moja tu, usisimame. Ukisimama, hata kwa kufumba na kufumbua, umeshindwa. Abiria naye ana kazi. Gurudumu la nyuma likianza kuteleza, anajirusha juu ya kiti upande huo, ili uzito wake ulikandamize tairi ardhini lishike tena.

"Yaani nimesoma miaka yote hiyo nije kuwa gunia la viazi?" Emrys alipiga kelele huku akirushwarushwa.

"Gunia la viazi halilalamiki! Ruka! Kushoto, ruka!"

Kazini, kwenye maabara pembezoni mwa mji, Emrys alikuwa akitengeneza kifaa cha kufanya jambo hilohilo. Kilikuwa kisanduku kinachosikiliza magurudumu. Likiteleza moja, kinalibana breki kidogo, nguvu inahamia kwa lenzake. Alimweleza Hester siku hiyo, wakiwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe na kula mkate wenye jibini.

"Kinaweza kufanya hivyo mara mia kabla mguu wako haujajua kuna shida."

"Na kikishafanya, mimi nafanya nini?"

"Unafika."

"Tramu nayo inafika." Akamfuta tope puani kwa ncha ya skafu. "Kula, gunia langu."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kila jioni simu ililia. "Halo, gunia." "Halo, dereva." Walizungumza hadi chakula kikapoa. Na Jumapili zikapita kama ndoto za alfajiri, zile ambazo mtu hajui amelala au ameamka. Ukungu ulishuka kwenye mabonde ya Derbyshire ukafuta kuta, kondoo, hata sauti za magari mengine. Birika likabaki linapanda ndani ya weupe mtupu, na Emrys akahisi kwamba duniani kulikuwa na vitu vitatu tu: mngurumo nyuma yake, pumzi ya Hester upande wa kulia, na mkono wake mdogo ulioshika usukani kwa wepesi kama mtu aliyeshika ndege bila kutaka kumwumiza.

Kulikuwa na mlima mmoja, Hobb Slack. Kwa miaka sita Hester alikuwa amekwama palepale, chini ya mti wa miiba ulioinama, mahali majani yanapoisha na tope jeusi linapoanza. Vuli ile alikwama tena. Waliposhuka, alikaa na mikono juu ya usukani hadi magari mengine yote yakaondoka.

"Labda huu ndio mwisho wa uwezo wa mikono yangu," alisema polepole.

Maneno hayo Emrys alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Kanuni za klabu ya mashindano yale zilikataza kifaa chochote cha umeme kati ya mguu wa dereva na gurudumu. Emrys alilijua hilo. Lakini kipupwe kilipokuwa kinaisha Hester alimwomba atengeneze taa za Birika, na gari likakaa kwenye karakana ya Emrys wiki nzima. Akatengeneza taa. Kisha akafunga kisanduku kidogo chini ya kiti cha nyuma, na nyaya zake akazipitisha hadi kwenye breki. Alijiambia ni zawadi. Alijiambia atamweleza jioni ya shindano, wakishafurahi.

Siku ya shindano la machipuko jua lilikuwa hafifu nyuma ya mawingu. Birika lilipanda. Lilifika chini ya mti wa miiba, likatikisika, na Emrys akajirusha kwa nguvu zake zote kama kawaida, ingawa alijua hakuhitajika. Tope likaruka. Mti ukawapita dirishani taratibu, matawi yake yakikwaruza kioo, kisha ukawa nyuma yao. Watu juu ya kilele wakashangilia.

Hester alizima injini. Hakushangilia. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono chini ya kiti. Alipoinuka alimtazama Emrys mara moja tu, kisha akamwendea mwamuzi, Bi Oldroyd, mama mnene mwenye koti la mvua na bendera nyekundu.

"Gari langu lina kitu kisichoruhusiwa. Nifute mashindanoni."

"Mungu wangu, Hester! Nani kakiweka?"

"Gari ni langu."

Emrys alikuwa amesimama karibu nao. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Njiani kurudi mjini ndipo Hester aliposema.

"La kushoto lilianza kuteleza pale kwenye mti. Nililisikia. Nikawa naanza kuinua mguu, Emrys, nilikuwa nalijibu. Ghafla likanyamazishwa. Kama mtu amenikata kauli."

"Nilitaka ufurahi."

"Ulitaka nifike. Ulidhani siwezi."

"Sikudhani hivyo hata kidogo..."

"Basi kwa nini hukuniuliza?" Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Emrys. "Sasa sitajua kama ningepita. Umeninyang'anya. Na nilipokwenda kufutwa, ukasimama pale kama gunia kweli."

Klabu ilimfungia Hester msimu mzima. Emrys alipiga simu, haikupokewa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. Siku moja tramu ilimpita kituoni akamwona Hester nyuma ya kioo, skafu ya manjano shingoni, macho mbele kwenye reli. Tramu ikateleza kimya ikapanda kilima, ikamezwa na mvua.

Alifikiri kwa wiki kadhaa, maana ndivyo alivyokuwa, mtu wa kutafuta palipolegea kabla ya kugusa kitu. Palipolegea hapakuwa kwenye kisanduku. Palikuwa pale kileleni, kinywa wazi.

Klabu ilikutana ghorofani kwenye baa moja ya zamani. Emrys alipanda ngazi akiwa amevaa lile koti jeupe lenye doa, kwa kuwa hakuwa na lingine, akasimama kati ya glasi za bia.

"Kifaa kilikuwa changu. Nilikiweka mwenyewe, Hester hakujua. Wa kufungiwa ni mimi."

Kisha Bi Oldroyd akakohoa.

"Tulijua, kijana. Wragg hawezi kubadilisha hata balbu. Tulikuwa tunangoja uje."

Ukumbi mzima ukacheka, na yeye, akiwa mwekundu hadi masikioni, akahukumiwa kuosha magari ya klabu yote hadi kiangazi kiishe. Adhabu ya Hester ikafutwa. Emrys aliosha kila gari lililoletwa, na hakuuliza habari zake.

Kesho yake baada ya kuosha gari la mwisho, Hester alipiga simu.

"Nani alikutuma ukaseme?"

"Hakuna."

"Ulitetemeka?"

"Miguu yote miwili."

"Vizuri. Abiria wangu kavunjika mkono. Nahitaji mtu Jumapili, Hobb Slack."

"Kweli kavunjika?"

"Ni uongo. Unakuja au huji?"

Alikwenda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mlima wenyewe haukuonekana, ila njia mbili za tope zikiingia mawinguni. Hester alipunguza upepo wa tairi, akalisikiliza kwa kiganja kama mtu anayepima homa, akapanda garini.

"Leo usingoje nikuambie. Sikiliza kwa mgongo."

Wakaingia kwenye weupe. Emrys alifumba macho. Kwa mara ya kwanza aliusikia mlima kupitia kiti: mawe madogo, majani, kisha ulaini wa hatari. Akaruka. Mti wa miiba ulitokea kama mtu aliyesimama kwenye ndoto, ukapita, ukawa nyuma yao! Birika likavuta pumzi moja zaidi, urefu wa gari, labda na nusu. Likazungusha magurudumu bure. Likasimama.

Walikaa hivyo, wameegemea nyuma, pua ya gari ikitazama mbinguni, Hester amekanyaga breki.

"Ulilisikia?" aliuliza.

"Nililisikia. La kushoto. Lilinong'ona kabla halijateleza. Nikachelewa."

"Na mimi nikakanyaga mno." Hakuwa na huzuni sautini. Alikuwa akitabasamu kwenye kioo. "Tumeupita mti, Emrys."

"Kisanduku kingejua kabla yetu sote."

"Najua kingejua. Kifunge kwenye gari la muuguzi anayekwenda zamu barabara ikiwa barafu, nami nitakupigia makofi. Lakini hapa nataka nijue mwenyewe, hata kama nitajua nimechelewa."

Ukungu ulipita dirishani taratibu. Hawakuona ardhi wala kilele.

"Hester, nataka kukuuliza kitu."

"Saa hizi? Mguu wangu uko kwenye breki."

"Safari hii nauliza kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Utakubali tuoane?"

Hester hakugeuka, maana gari lingesogea. Lakini Emrys aliona shingo yake ikiwa nyekundu juu ya skafu. Kutoka chini, ndani ya weupe, sauti ya Bi Oldroyd ikapanda.

"Nyie wawili! Mnashuka au niwaletee blanketi?"

Hester alishusha kioo. "Subiri, Bi Oldroyd! Nimeulizwa swali!"

"Basi lijibu, mpenzi, kuna foleni huku!"

Hester akacheka hadi gari likatikisika. Kisha akalegeza breki kidogo sana, na Birika likaanza kurudi nyuma.

"Ndiyo," alisema. "Sasa toa kichwa nje uniambie nisogee wapi. Mimi sioni kitu."

Emrys akatoa kichwa kwenye ukungu, akaanza kumwelekeza, taratibu, hadi chini.