Manowari ya Fundi wa Meno

Rangi ilikataa kukauka.

Si yote. Ile ya kijivu, ya sitaha na mizinga, ilikauka vizuri kama rangi yoyote ya kopo. Ni ile nyekundu ya chini, sehemu ambayo ingezama majini kama manowari ile ingekuwa ya kweli, ndiyo iliyobaki mbichi. Fundi wa meno aliigusa asubuhi kwa ncha ya kidole, akaigusa tena mchana baada ya kuiweka dirishani juani, na kila mara kidole kilirudi kimelowa. Akakinusa. Hakikunuka rangi. Akakilamba, kwa ile tabia ya mafundi ya kuonja wanachokishuku.

Chumvi.

Bahari ilikuwa mbali sana na mji ule. Mama mkwe wake alikuwa amezeeka bila kuiona. Fundi akafuta kidole kwenye aproni, akajiambia ni dawa tu iliyomo ndani ya rangi, akarudi kazini.

Alikuwa na sababu ya kutouliza maswali mengi. Kwa miaka mingi alitengeneza meno bandia katika karakana moja ya mjini, na wateja walisema meno yake huwezi kuyajua mpaka mwenyewe ayavue. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilitikisa kikombe cha chai, baadaye kisu cha nta, na hospitali walimpima wakaishia kumwambia apumzike. Mwenye karakana naye akamwambia, "Nenda nyumbani kidogo, dada," na wote wawili walijua kwamba hicho kidogo hakina mwisho.

Ndipo kaka yake, mfanyabiashara wa vitu vikuukuu, alipomletea sanduku la kadibodi lililochakaa. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunda manowari ndogo, urefu wa mkono mmoja. "Ya kuchezesha vidole tu," kaka alisema. "Mtu aliyeianza hakuimaliza." Kweli, mwili wa meli ulikuwa umekwisha kugundishwa, pande zote mbili zimefungwa kabisa, na kilichobaki kilikuwa vikorokoro vya juu na kupaka rangi.

Aliposhika kipande cha kwanza kwa kibano, mikono ikatulia. Ikatulia kama maji ya mtungini. Fundi aliweka kibano chini, mikono ikatetemeka. Akakishika tena, ikatulia. Alilia pale pale mezani, na mumewe, mshona nguo, akasimamisha cherehani barazani akaja mbio akidhani kuna msiba.

"Tazama," alimwambia. "Tazama mikono yangu!"

Nyumba ilirudi kuwa nyumba. Fundi alitumia vifaa vyake vya meno: kekee nyembamba kutobolea madirisha ya duara, visu vya nta kukwangulia gundi iliyozidi. Aliyeyusha plastiki kwenye mwali wa mshumaa, akaivuta mpaka ikawa nyembamba kuliko unywele, akatengeneza kamba za mlingoti. Chini ya matundu ya nanga alichora kutu kwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa, michirizi inayoshuka, mpaka ungeapa kwamba chuma kile kimenyeshewa miaka. Hakuna aliyemfundisha hayo. Mkono ulikwenda wenyewe, naye akaufuata akishangaa.

Mama mkwe, ambaye kinywani hakuwa na jino hata la dawa, alikuja kila siku na kigoda chake kutazama.

"Meli ya plastiki unaipamba hivi," alisema, akinyonya fizi zake. "Na mimi je, mwanangu? Au mpaka niote mizinga ndipo unitengenezee meno?"

"Zamu yako inakuja, mama."

"Inakuja, inakuja. Kaburi nalo linakuja. Tutaona lipi litatangulia."

Wakacheka. Lakini siku ile ya rangi mbichi mama mkwe hakukaa sana. Alisimama, akavuta hewa puani, akauliza nani amemwaga mafuta ya mashine.

"Mumeo anatia mafuta cherehani," alimaliza kwa kujijibu mwenyewe, akaondoka akiwa amekunja uso. Mume wa fundi hakuwapo siku ile. Alikwenda kununua vitambaa.

Harufu ile ilibaki. Ilikuwa ya mafuta yaliyoungua na kitu kilichooza majini, na kila fundi alipoinamia meli ilimjaa kooni. Kisha ikaja sauti. Ilikuja mchana, mvua ikinyesha, cherehani imenyamaza, mama mkwe amejilaza: kitu kiligonga ndani ya meli. Mgoto mdogo, wa chuma juu ya chuma, ingawa meli yote ilikuwa plastiki. Mfano wa mtu anayegonga bomba kwa spana, kisha akanyamaza kungoja kujibiwa. Fundi alishusha brashi. Kukawa kimya. Alipoinyanyua tena, kikagonga.

Angemwambia nani? Akisema, meli ingetupwa. Na meli ikitupwa, mikono je? Akaufyata ulimi, akapaka rangi.

Zikabaki sanamu za mabaharia, ndogo kama punje za mchele, za kusimamishwa kando ya sitaha. Aliwavika sare, akawatia nywele, akawatia macho kwa ncha ya sindano. Alipofika kwenye midomo mkono ukasimama. Haukutetemeka, ulisimama tu, kama punda aliyekataa daraja. Alijaribu baharia wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Mkono ulikubali macho, ukakubali vifungo, ukakataa midomo. Mwishowe walisimama wote sitahani wakimtazama, uso laini chini ya pua.

Siku iliyofuata aliamua kutengeneza meno ya mama mkwe. Alijiambia ni shukrani tu. Alichukua kipimo cha fizi zake kwa nta, mama mkwe akimtania kwamba sasa atakula hata misumari, akakifunga kipimo kwenye kitambaa kibichi na kukiweka rafuni. Akaketi mezani, meli mbele yake, akasubiri nta ya kuundia fizi ilainike. Alasiri ilikuwa nzito, na labda alisinzia.

Alipozinduka, meno yalikuwa tayari. Yalikuwa mbele yake juu ya aproni, juu na chini, fizi za waridi zimeng'aa kwa ute, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Aligeuka kutazama rafu. Kipimo cha mama mkwe kilikuwa pale pale kwenye kitambaa chake, hakijafunguliwa.

Meno haya basi yalipimwa kwa kinywa cha nani?

"Uuwi! Yamekwisha?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Na hukuniambia!"

"Mama, ngoja. Mama, usiyaguse—"

Lakini bikizee yule alikuwa amengoja miaka, naye alikuwa na mkono mwepesi. Akayanyakua, akayatia kinywani, yakaingia kwa mlio mdogo wa kufunga kama kitasa. Akatabasamu. Alipendeza. Kwa kitambo kidogo fundi alimwona alivyokuwa msichana, na moyo ukamlainika, na kabla haujamaliza kulainika lile tabasamu likaendelea kupanuka, likapita pale ambapo tabasamu hukoma, ngozi ya mashavu ikavutika mpaka ikang'aa, macho ya mama mkwe juu yake yamejaa hofu na kumtazama fundi kama mtu anayechungulia nje kutoka katika nyumba iliyofungwa, na kutoka kinywani mle ikaja sauti ya kiume, nzito, yenye maji ndani yake, sauti ambayo haikuwa na haraka yoyote.

"Nyumba nimeipenda," ilisema. "Mikono nimeipenda. Nilikosa mdomo tu wa kukutamkia."

"Kunitamkia nini?" fundi alinong'ona.

"Jina. Liandike nyuma, kwenye tezi, panapoandikwa majina ya vyombo. Shika brashi."

Brashi ilikuwa mkononi mwake tayari, imechovywa rangi nyeupe. Kinywa cha mama mkwe kikaanza kutamka jina lile polepole, herufi kwa herufi, nao mkono wa fundi ukaenda kwenye tezi ya meli ukaandika herufi ya kwanza, safi, iliyonyooka.

Ndipo mumewe alipoingia na uzi wa cherehani ungali shingoni. Aliona uso wa mama yake, hakuuliza. Alimrukia, akatia vidole kinywani. Meno yakamuuma mpaka damu ikamtoka, lakini alikuwa mtu wa kujichoma vidole kwa sindano tangu utoto na maumivu hayo hayakuwa mageni kwake. Akayang'oa, akayatupa uani. Mama mkwe akaanguka miguuni mwake, uso umerudi kuwa wake.

"Maji," alisema kwa sauti yake ya siku zote. "Nipeni maji. Kinywa kimejaa chumvi."

Mkono wa fundi ulikuwa bado umeelekea tezi. Alilazimika kuukamata kwa mkono wa pili, na huo wa pili nao haukutaka kusaidia.

Mume alikwenda kumleta mkunga. Mwanamke yule alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na watu walipopatwa na mambo yasiyo ya hospitali walimwita pia. "Kazi ni ile ile," alizoea kusema. "Kumtoa asiyetaka kutoka." Aliingia na raba miguuni na mafua puani, akafukiza ubani chumba kizima, kisha akainama akatega sikio kwenye meli kama anavyotega kwenye tumbo la mja mzito.

"Yumo," alisema chini chini. "Aliyeigundisha aliifunga tupu. Jini ni kama mpangaji: akiona nyumba nzuri haina mtu, anahamia kwanza, kodi baadaye. Na wewe umempambia." Akatazama ile herufi nyeupe. "Amepata ngapi?"

"Moja," fundi alisema.

"Basi tumewahi. Chombo kikishapata jina lake hatoki tena, na mikono iliyoliandika inakuwa yake. Kivunje wewe mwenyewe uliyekipaka. Mwingine akikivunja, jini atahamia mwilini mwako moja kwa moja."

"Na mikono yangu?"

Mkunga alipenga kamasi, akakunja kitambaa chake. "Itarudi kama ilivyokuwa."

Mume alitazama sakafu. Fundi alitazama viganja vyake vilivyotulia, akafikiria karakana, kiti chake kando ya dirisha, mtu akijaribu meno mapya mbele ya kioo na kucheka kwa sauti. "Na nikiiacha tu," alisema, "bila kumalizia jina? Nikaifungia kabatini?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, amelazwa mkekani, amefunikwa mpaka kidevuni.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimemung'unya miaka yote hii, sijafa. Na wewe utatetemeka, hutakufa. Tutalishana."

Fundi akainuka. Aliinyoosha mikono kuishika meli, na mikono ikaipapasa. Ikaipapasa taratibu, kwa mapenzi, kidole kimoja kikinyoosha kamba ya mlingoti iliyolegea. Alijaribu kukunja ngumi, vidole vikakataa. Ndani ya meli kitu kikaanza kugonga, haraka sasa, huku na huku, kutoka omo, mbele, mpaka tezi, kama watu wengi wanaokimbia ndani ya chuma wakitafuta mlango, na rangi nyekundu ikatiririka mezani, na wale mabaharia wasio na midomo wakaanza kutoa mlio mwembamba wa kupitia puani, na mkono wa kulia ukakiona kibrashi, ukakifuata.

"Miguu!" mkunga alifoka. "Mikono ni yake, miguu bado ni yako!"

Fundi akaisukuma meza kwa nyonga. Manowari ikaanguka sakafuni, ikasimama wima kana kwamba sakafu ni maji. Akaikanyaga kwa kisigino kitupu. Mlingoti ukamwingia nyamani, akapiga kelele, akaikanyaga tena, na tena, mpaka mwili wa meli ukapasuka, na kutoka kwenye kitu kile kisichoweza kushika hata chupa moja ya soda yakamwagika maji meusi, ya baridi, yaliyojaa chumba mpaka vifundoni, yakasomba kigoda na viatu na mabaki ya vitambaa, yakapita mlangoni, barazani, chini ya cherehani, mpaka barabarani, na ndani yake ikapita ile sauti nzito ikiapiza kwa lugha ambayo hata mkunga aliziba masikio asiisikie.

Kisha maji yakaisha. Ikabaki sakafu yenye tope la chumvi na vipande vya plastiki.

Mkono wa kulia wa fundi ukaanza kutetemeka.

"Umerudi!" mume alisema, akaushika kwa mikono yake miwili, damu yake ikiuchafua, akaubusu huku akilia kama mtu aliyerudishiwa mali yake iliyoibwa. Mama mkwe akacheka na kulia mkekani. Mkunga alikataa chai. Alikusanya vipande vyote kwenye kitambaa, akasema atavichoma mwenyewe, akatoka akipiga chafya. Jirani mmoja aliuliza barabarani bomba la nani limepasuka.

Fundi alikuwa ameketi, kisigino kikivuja damu, mkono wa kulia ukitetemeka kifuani kwa mumewe. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, nje ya macho ya wote. Hakuusikia ukitetemeka, akainamisha kichwa kuutazama.

Ulikuwa umetulia tuli. Kidole cha shahada pekee ndicho kilichokuwa kikienda, polepole, bila haraka yoyote, juu ya kitambaa kilicholowa cha gauni lake. Kilikuwa kikiandika herufi ya pili.

Fundi akauvuta mkono wa kulia kutoka kwa mumewe, akaukalia ule wa kushoto, wasiuone. Akaanza kucheka pamoja na wengine.